Oili Nyepesi Niliyompimia Kaka Yangu

Msiweke jina langu. Kosa ni langu peke yangu, sina wa kumsukumia, na nimechoka kulibeba huku nimenyamaza.

Ninauza oili za magari hapa Bugarama, zile za kupimwa kwa lita kutoka kwenye pipa. Mimi ni mtu wa mdomo. Niulize unachotaka, nitakuambia kipo. Mteja akitoka kwangu mikono mitupu, siku hiyo hata chakula hakipiti. Ugonjwa wangu ndio huo.

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita, alikuwa fundi wa injini. Baba alipotutoa Bukavu kurudi Rwanda, alivuka daraja la mpakani na gari la Kifaransa la zamani, mama amekaa mbele. Baba alipofariki, gari likalala chini ya turubai miaka mingi. Yaya akaamua kulifufua. Alifungua injini yote, akapeleka silinda kuchongwa, akaweka pistoni mpya na vipuri alivyovitafuta mpaka Bukavu. Alimuahidi mama kwamba atampeleka kanisani Nyakabuye akiwa amekaa mbele, kama zamani. Mama akaanza kuchagua kitenge.

Ikabaki oili tu. Yaya akaja kwangu, petit wake, yaani mdogo wake, na kibidoni cha kuwekea oili.

"Petit, ile mafuta nzito ya zamani iko? Sitaki ile mwepesi ya magari ya sasa. Moteri imezaliwa upya, vyuma havijazoeana. Ile mwepesi itaiua."

Sikuwa nayo. Jirani yangu ng'ambo ya barabara alikuwa nayo, pipa zima, nililiona pale pale niliposimama. Lakini kaka yangu wa tumbo moja anunue kwa jirani, watu wakitazama? Nikasema iko. Nikampimia nyepesi.

Akachovya kidole, akasugua. "Mbona inakimbia hivi?"

"Ni joto ya Bugarama, yaya. Hapa hata siagi inageuka maji."

Akacheka. Aliniamini, akaenda zake.

Jumapili tukaondoka, mama mbele, mimi nyuma. Injini ilienda vizuri mpaka tulipoanza kupanda mlima. Hapo ikaanza kugonga, kwanza kidogo, halafu kama mtu anayepiga bati. Yaya akazima, akafungua boneti. Jamani, mimi nilijua kabla hajaifungua. Nilibaki nimekaa, nikitazama kisogo cha mama. Sikusikia uchungu wala woga. Moyo ulikufa ganzi siku ile, na mpaka leo haujarudi.

"Ni mikono yangu," yaya akamwambia mama. "Kuna mahali nilikosa, Maman."

"Wacha, mwanangu," mama akasema. "Hata papa yenu, ilikuwa inamuzimikia njiani."

Akashuka, akakaza kitenge chake, akaanza kuteremka kwa miguu. Hakugeuka kulitazama gari.

Yaya alipoifungua injini gereji, vyuma vilikuwa vimelika. Alikagua boliti moja moja. Alishuku pistoni, akashuku vipuri vya Bukavu, akashuku macho yake mwenyewe. Kila kitu alikishuku isipokuwa oili, kwa sababu ilitoka kwangu. Mimi nilikuwa pale pale, nikimshikia spana. Neno moja lingetosha. Nikamwambia, "Pole, yaya."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi nguoni mwake nilikuwa mimi.

Hajagusa injini tena. Sasa anaziba matairi kando ya barabara, anasema kazi ya injini inataka vijana. Mama hamuulizi tena habari za gari. Kitenge kimerudi sandukuni, na turubai limerudi pale pale lilipokuwa.

Wiki iliyopita alikuja mzee mmoja mwenye gari la zamani, injini imetoka kutengenezwa. Alitaka oili nzito.

"Yule fundi wa mapine, anayeziba matairi kando ya barabara, amenituma kwako," akasema. "Ameniambia mafuta ya moteri nisinunue mahali pengine. Eti petit wake hawezi kudanganya muntu."

Nilimjibu, "Sina, Mzee. Vuka barabara, kwa jirani iko."

Akashukuru, akavuka. Kusema sina hakukuchukua hata muda wa kupima lita moja.

Wewe unayeuza kitu, chochote kile, usione haya kusema huna. Mteja atavuka barabara leo, kesho atarudi. Na kama umeshamdanganya mtu wako, mwambie mapema, kabla hajajihukumu kwa kosa lako. Usingoje kama mimi. Yaya bado hupita dukani kila asubuhi kunisalimia, mikono inanuka mpira wa matairi, na mimi namvutia kiti, tunaongea habari za mvua.