Sote Tulizaliwa Tarehe Moja Januari

Jumamosi nilipita uwanjani hapa Isiolo wakichagua timu ya wasichana wasiozidi miaka kumi na tano. Kocha alikuwa mezani na rundo la vyeti vya kuzaliwa. Mbele yake alisimama mama mmoja kutoka Gotu na bintiye, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amefunga mabao mawili.

“Mpira anaujua,” kocha akasema, “lakini ni mdogo. Wenzake wa Januari wamemzidi kichwa kizima. Huyu hakui tena, mama.”

“Januari ni ya karani,” mama akajibu polepole. “Mimi nilimzaa wakati wa hagaya, hii mvua ya mwisho wa mwaka. Karani aliniuliza tarehe, nikamwambia mvua. Akaandika tarehe moja Januari ya mwaka uleule.”

“Mimi nasoma karatasi.” Akakisukuma cheti kwa kidole kimoja.

Nasikia hata kwa wenzetu walioendelea, mtoto wa Januari huchaguliwa kabla ya yule wa Desemba, kwa kuwa amemtangulia kukua. Wao angalau hulaumu kalenda. Sisi karani alituzaa sote siku moja, na binti wa watu akaongezewa karibu mwaka mzima ambao mwili wake haujauona. Nimechoka hata kulieleza jambo hili.

Mama akakikunja cheti. “Na wewe, mwalimu, ulizaliwa lini?”

Kocha akainamia meza.

“Tarehe moja Januari,” akasema, kisha akaita jina lililofuata.