Mtunza Data na Watani Wake

Débora alikuwa akiuza chisense, vile visamaki vya kukausha, pale sokoni Kashikishi, kando ya ziwa, na kama kuna kitu alichokitamani ni kulala siku moja bila kunuka chisense. Mradi mmoja wa utafiti wa samaki pale Nchelenge ulikuwa ukitafuta mtunza data. Anayetaka kazi alipaswa kusoma masomo ya video kwenye simu, kisha alete zoezi: mtandao wa maarifa kuhusu jambo analolijua vizuri. Kila mtu ni doti, kila uhusiano ni mstari, na yale usiyoiambia kompyuta, inayakisia yenyewe. Débora alisoma kwa bidii kweli. Somo la vyanzo tu, la kuandika kila habari imetoka kwa nani, aliliruka, kwa sababu bando lilikata naye akadhani ni mambo ya adabu.

Akachagua soko. Alipita vibanda vyote akiuliza nani ni nani kwa nani, na hapo ndipo alipojipalia makaa.

Ufukweni kule, ukoo wa Chui na ukoo wa Mbuzi ni watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Webby muuza nyavu, Chui halisi, alitamka bila kutabasamu kwamba bibi Nsama, Mbuzi, ni mke wake. Nsama akajibu kwamba Webby alishakufa, tena yeye mwenyewe ndiye aliyemzika. Débora aliandika yote. Naye ni Mbuzi, amekulia ndani ya utani huo huo ng'ambo ya ziwa, lakini mtu akitamani kazi ya ofisini, masikio yake nayo yanaanza kujifanya ya ofisini.

Kompyuta haina ukoo, ikaamini kila neno. Kwa kuwa Nsama ni mama wa mchungaji wa kanisa la pale, ikakata shauri kwamba Webby, marehemu, ni baba mzazi wa mchungaji, ilhali mchungaji ndiye anayemzidi Webby umri, tena kwa mbali. Débora aliyaona hayo wakati kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi zoezi.

Akarudi sokoni kuuliza upi ulikuwa utani na upi ukweli. Masikini, mtani ukimuuliza hivyo anakupa utani mwingine. Webby aliapa kwamba marehemu wanapenda sana chisense, akaomba aongezewe. Mpaka mchana Débora mwenyewe alikuwa ameozwa kwa Chui wawili. Alikasirika, akanuna, kisha akili ikamjia: habari za Chui akawauliza Chui, za Mbuzi akawauliza Mbuzi, na kwenye kila mstari akaandika jina la msemaji na ukoo wake. Webby akafufuka.

André, msimamizi wa mradi, Mkongomani mwenzake, mpole mwenye miwani, alilisoma zoezi, kisha akainua macho.

"Mama Débora, kazi tulishapatia mutu mwingine. We rudilia tu chisense yako."

Machozi yalimlenga. Alifika mlangoni, akageuka kumuuliza ukoo wake.

"Papa André, weye uko wa mukowa gani?"

"Mukowa wa Chui."

Débora alitazama mezani. Barua ya kazi, yenye jina lake, ilikuwa imebanwa chini ya kiwiko cha yule bwana. Aliichomoa, akaketi, akalia na kucheka kwa pamoja, kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu avuke ziwa.

"Siku utakufa," akamwambia, "mi mwenyewe njo nitakuzika."