Salamu ya Kisogoni

Dada yangu mkubwa alifanya kazi ya kutayarisha vipindi vya watoto kwenye televisheni mpaka akastaafu. Kwa wanaodhani alikuwa akicheza na midoli: alipokea vipindi vya ng'ambo, akavitia sauti za Kiswahili, akavifanya viingie sebuleni kwetu bila kutuaibisha.

Kilichomtesa ni salamu. Kikaragosi cha kule kiliingia kwa babu yake, kikafungua mdomo mara moja, basi. Shikamoo haikuenea humo, na wenye kipindi walikataa kuongeza picha. Dada akatafuta mahali ambapo kikaragosi kinafunga mlango, kisogo kwa kamera, akaiweka shikamoo hapo, mdomo usionekane. Tulimsifu, tukasahau kwamba ujanja mwingi mbele giza. Mwezi haujaisha, watoto wakawa wanaamkia wakubwa huku wamewapa mgongo. Wazazi walipiga simu studio kumsema. Mimi nilicheka, mpaka binti yangu mdogo aliponisalimia akitazama mlango.

Baba hakucheka. Alikuwa mwalimu, na tangu Dada aache ualimu aende televisheni alisema midoli ya watu itatuharibia watoto. Kisha akapatwa na kiharusi. Mdomo ukaenda upande, akageukia ukuta, na kila tulipoingia alivuta shuka hadi puani. Hakuitikia salamu ya mtu. Dada alikwenda kila jioni, akaamkia, asijibiwe.

"Baba atakufa ana kinyongo na mimi," aliniambia jikoni. Nami niliamini hivyo.

Siku moja binti yangu aliingia kwa babu yake, akafunga mlango, akasalimia palepale, amempa mgongo, kama televisheni ilivyomfundisha. Sisi tulikuwa koridoni, Dada ameshika beseni la maji. Tukasikia sauti nzito, ya kujikokota: marahaba. Ndipo tulipoelewa, wajinga wakubwa sisi. Mzee hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa anaona haya, hataki tuuone ule mdomo. Dada akaliweka beseni chini akalia.

Kesho yake alikwenda studio akakiondoa kile kipande, maana kazi ni kazi, na wazazi walikuwa na haki yao. Jioni akaja. Mtu mzima na mvi zake, akaingia kwa baba yake kinyumenyume, akasimama akitazama kitasa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Mzee akavuta pumzi. "Geuka nikuone."