Ndevu za Wiki Nne

Ilikuwa siku ya mapumziko ya wiki, ofisi zote zimefungwa, basi nikapumzika bila kutaka. Vibali vya kumrudisha kaka yangu nyumbani kuzikwa vilikuwa tayari, ndege ni kesho yake jioni. Niliamka chumbani kwake, nikasali. Maneno yalitoka yote, hakuna lililopotea, ila niliyasema kama mtu anayesoma orodha. Nilipika chai, ikapoa, nikaimwaga, nikapika nyingine.

Mama akapiga simu. "Ameshanyolewa?"

"Bado, mama."

"Watu watamwona huyo. Mimi sikuzaa mwenye ndevu."

Kaka alikuwa kinyozi. Aliondoka nyumbani ana miaka ishirini na miwili, mkasi kauficha ndani ya soksi, akakaa ugenini miaka kumi na tisa. Kila picha aliyotuma, kidevu kiling'aa kama sahani. Kisha akalazwa karibu wiki nne, na hakutoka. Nilipomwona jana yake chumba cha maiti, ndevu zilikuwa zimepanda hadi mashavuni, nyingi nyeupe. Nilimtazama kama mzee nisiyemjua. Mhudumu aliniambia, "Sisi tunaosha, dada. Kunyoa hatunyoi."

Nikachukua ufunguo wa duka lake, nikatembea mitaa miwili mitupu. Nilikusudia kuchukua wembe nimnyoe mwenyewe, mimi ambaye sijawahi kunyoa hata mtoto.

Kwenye kizingiti cha duka la jirani yake alikaa mwanamume mwenye ndevu kama kichaka. Juu ya mlango wake palichorwa mkasi.

"Wewe ndiye dada yake," akasema kwa lugha ya kwetu. "Pua ile ile. Pole sana."

Nikamjua. Huyu ndiye Nyigu, ambaye kaka hakupiga simu nyumbani bila kumshtaki: Nyigu kaniibia mteja, Nyigu kashusha bei.

"Kinyozi gani ana ndevu hivyo?" nikauliza. Sijui kwa nini.

"Kinyozi hajinyoi, dada. Kila siku kama ya leo tulikuwa tunafunga maduka, mimi namnyoa, halafu yeye ananinyoa. Miaka kumi na moja. Mwenye wembe anatukana, mwenye shingo ananyamaza. Aliniita mfyeka majani, huyo!"

Nikamweleza habari ya mama, ndevu na ndege, nikamwomba amnyoe yeye.

"Siwezi."

"Unaogopa maiti?"

"Hapana. Alikuwa akininyamazia, lakini zamu yake ikifika alinilipa matusi yote na riba. Sasa nikimnyoa, zamu yake itafika lini?"

Nilifungua duka la kaka: kiti kimoja, kioo chenye ufa, taulo zimekunjwa nne nne kama za hospitali. Nikaanza kufagia sakafu ambayo haikuwa na unywele hata mmoja. Nilifagia mara mbili.

Nyigu akasimama mlangoni.

"Huo wembe utamkata. Unaushika kama kijiko."

Kumbe nilikuwa nao mkononi.

"Basi mama atampokea hivyo hivyo na ndevu," nikasema.

Akanyoosha mkono. "Lete. Saa ngapi?"

"Kesho saa mbili asubuhi. Wako huna?"

"Wangu alisema ni butu. Nikimnyoa nao atanisema huko aliko."

Mahali pale mtu angecheka. Mimi nilikunja taulo.

Asubuhi alimnyoa. Nilishika bakuli la maji ya moto, ingawa kwa nini yawe ya moto sijui. Alimtukana polepole, shavu hadi shavu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Alipomaliza, kaka alikuwa kaka. Nyigu akaufuta wembe, akanirudishia, akaenda zake na ndevu zake.

Nikampigia mama. "Amenyolewa."

"Na nani?"

"Nyigu."

"Yule mwizi wa wateja?"

"Ndiye huyo."

"Mungu ambariki," akasema mama.

Nikasema amina.