Malka Tuliyoiweka Kwenye Mengineyo

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mkono wangu wa kuandikia huwa mzito. Kilikuwa kiangazi cha mwanzo wa mwaka tisini na tisa. Mwaka mmoja nyuma yake, mvua za El Nino ziliufanya mto Tana umeze mashamba yetu yote, kutoka Garsen mpaka Ozi, kisha maji yakarudi ndani ya kingo zake kana kwamba hayakufanya lolote.

Nilikuwa na miaka ishirini, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu watatu. Baba alifariki nikiwa darasa la saba, nikaacha shule nikashika jembe. Mama alishikwa na malaria wakati mafuriko yakishuka, tukamzika kwenye ardhi ambayo ilikuwa haijakauka. Tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa baba na mama. Tabitha, kitinda mimba wetu, alikuwa na miaka sita na mwili wa mtoto wa miaka mitatu.

Kilichomshika Tabitha hapa duniani ni maziwa, na maziwa yale yalitoka kwa Mama Hawo. Huyu alikuwa mjane wa Kiorma, Mwislamu wa swala tano, aliyekaa katika kijiji cha wafugaji nyuma ya mashamba yetu. Wanawe walikuwa wamekwenda mbali na kundi kubwa, naye akabaki na ng'ombe tisa wa kukamwa. Kila baada ya siku moja alipita kwetu asubuhi na kibuyu chake, akamimina maziwa katika sufuria yetu, akaenda zake. Siku ya kwanza nilimwambia sina cha kumpa. Akasema, "Mama yako alinipa mahindi mwaka ule wa njaa. Wewe ulikuwa mdogo, hujui. Mimi najua."

Sasa nikueleze malka, kwa maana vijana wa siku hizi mnaisikia tu redioni watu wakigombana. Mashamba yetu Wapokomo yamepangana ukingoni kama vidole, kila familia na kidole chake. Katikati ya mashamba, hapa na pale, wazee waliacha njia pana ya ng'ombe kuteremkia mtoni. Njia hiyo ndiyo malka. Si ya mkulima wala si ya mfugaji, ni ya kiu. Desturi ilikuwa kwamba kila mafuriko yakishuka, wazee wa pande zote mbili huitembea pamoja, kwa kuwa mto hupenda kufuta alama za watu, nao huchomeka vijiti upya.

Mwaka ule haikutembewa. Watu walikuwa wagonjwa, wengine hawajarudi kutoka walikokimbilia. Na mto ulikuwa umefanya hila yake: udongo mweusi, mnono kuliko wote, uliushusha palepale kwenye malka. Mwalimu mmoja mstaafu wa kijiji chetu akaanza kwa mistari michache ya mahindi. Jirani akafuata. Nami, mwanangu, sitakuficha, nilipanda migomba safu nzima. Nilijiambia nina yatima wa kulisha. Ilikuwa kweli, na wizi mwingi huanza na neno la kweli.

Kiangazi kilipokaza, malka ilikuwa imezibwa kabisa. Ng'ombe wa Mama Hawo wakawa wanazungushwa hadi malka nyingine, mwendo wa nusu siku kwenda na kurudi, katika jua ambalo hata mbwa hakulitaka. Maji yalikuwa karibu kiasi kwamba waliyasikia harufu.

Akaja kwetu kuomba. Hakwenda kwa chifu, wala hakwenda kituo cha polisi Garsen. Alikuja kanisani, kwa sababu alisikia tuna Kamati ya Haki.

Na kweli tulikuwa nayo. Kanisa letu lilijulikana kwa moyo mpana. Kwetu wanawake walihubiri wakati kwingine walikuwa bado wanafagia tu. Aliyeolewa na Mwislamu hatukumfukuza, na siku ya Idi tulikwenda kuwapa mkono wenzetu. Tulijisifu kwa hayo, tena sana. Mwalimu yule mwenye mahindi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Mimi, kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri, nilifanywa katibu. Darasa la saba, lakini herufi zangu zilisimama wima kuliko za wengi.

Mama Hawo alinieleza shida yake mimi, nami nikamwambia nitaitia kwenye ajenda. Nikaitia. Wenzetu wa ng'ambo waliotusaidia walikuwa wameomba tuwaandikie mambo matatu ya haki tutakayoyapa kipaumbele mwaka ule. Nilipanga ajenda saba. Ya kwanza sala, ya pili kumbukumbu za kikao kilichopita, na kuendelea. Ya saba ni Mengineyo, na ndani ya Mengineyo, kwa herufi ndogo, nikaandika: njia ya ng'ombe.

Tulianza saa tatu asubuhi. Mama Hawo alifika mapema kuliko sisi, akakaa nje ya mlango kwenye mchanga, kibuyu ubavuni. Kulikuwa na kivuli kidogo cha ukuta, na kadiri jua lilivyopanda kivuli kikaliwa, mpaka akabaki na ukingo wa shuka yake tu kichwani. Kutoka nilipokaa nilimwona vizuri. Nikahamisha kiti.

Ndani, mwanangu, tulikuwa tunatengeneza dunia. Kipaumbele cha kwanza tukakubaliana kiwe kuziandikia barua serikali za nchi zenye vita. Cha pili, kupanda miti. Cha tatu kilituchukua saa nzima: semina ya amani kati ya wakulima na wafugaji, ifanyike Garsen, pamoja na chakula cha mchana. Mmoja akauliza tuandike "wanyonge" au "waliosahauliwa". Mwingine akasema "wanyonge" linawavunjia heshima. Tukabishana. Mwenyekiti akapanga watu wazungumze kwa zamu. Nami nikaandika kila neno, kwa mwandiko wangu mzuri, huku mfugaji mwenyewe akiwa amekaa hatua kumi kutoka mezani petu, na hakuna aliyemwambia hata karibu ndani.

Ilipofika saa nane mwenyekiti akatazama saa yake. "Wapendwa, muda umekwisha. Hayo mengineyo tuyaahirishe mpaka kikao kijacho. Dada katibu, andika."

Nikaandika: imeahirishwa. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilipotoka Mama Hawo alisimama, akajikung'uta mchanga. "Wamesema nini, binti?"

"Bado wanaliangalia, mama."

"Wanaangalia." Akatikisa kichwa polepole. "Maji iko pale, ng'ombe yangu pia inaangalia."

Akachukua sufuria niliyokuwa nimebebea chakula cha kikao, akamimina maziwa. Hayakufika hata nusu ya kawaida. "Hii ya Tabitha. Kesho kutwa usiningoje. Ile ng'ombe nyekundu ililala jana, haikuamka. Ya pili miguu inatetemeka. Nitahama na zilizobaki, niende upande wa Ozi, huko nitaomba watu wengine."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata cha kumjibu.

Nyuma yangu alikuwa amesimama Mzee Komora, mzee wa kanisa ambaye kikao kizima hakufungua mdomo. Alimtazama yule mama akienda, mpaka akapotea kwenye vichaka. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa ya chini, lakini ilinichapa.

"Esta, mlikuwa na ajenda saba. Ya saba ndiyo iliyokuwa imekaa nje juani. Nani aliyezipanga?"

"Mimi, babu."

"Na ile migomba kwenye malka, safu inayoelekea mtoni, ni ya nani?"

Nikatazama chini. "Yangu."

"Basi ajenda ile hukuipanga kwa kalamu. Umeipanga kwa tumbo. Na mimi nilikaa kimya kwa sababu mahindi yale ni ya mwenyekiti, na mwenyekiti ni shemeji yangu. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Leo pale ndani sikumwona muungwana, hata mimi mwenyewe."

Usiku ule Tabitha alikunywa maziwa yale yote, akalamba sufuria. Nilimtazama nikaona haya ya ajabu. Nilikuwa nimeifunga njia ya maziwa ya mdogo wangu kwa migomba niliyoipanda kwa ajili yake.

Alfajiri nilichukua panga. Migomba ilikuwa imeanza kutoa mikungu, na mkungu mchanga ukiukata hutoa utomvu unaoganda mikononi usitoke kwa siku kadhaa. Nilikata yote. Wadogo zangu walisimama pembeni wakinitazama. Yule wa pili alikuja akaanza kuvuta magogo kando.

Lakini safu yangu moja haikutosha kufungua njia, mahindi ya mwalimu yalikuwa bado yamesimama. Kwa hiyo asubuhi ileile, ilikuwa Jumapili, nilikwenda kanisani na mikono yangu ikiwa myeusi kwa utomvu. Wakati wa matangazo katibu ndiye aliyesoma. Nikafungua daftari, nikasoma kumbukumbu za kikao kama zilivyo, vipaumbele vyote vitatu, watu wakaitikia kwa kupiga makofi. Kisha nikaendelea.

"Kamati ilizungumza saa nzima juu ya semina ya amani na wafugaji. Mfugaji alikaa nje tangu saa tatu mpaka saa nane. Hakukaribishwa ndani, wala hakupewa maji. Shida yake ilikuwa malka yetu imezibwa. Imezibwa na migomba yangu, ambayo nimeikata leo, na mahindi ambayo bado yapo. Aliyemweka mwisho wa ajenda ni mimi."

Mwalimu akainuka, akatengeneza koti lake. "Dada katibu, umefanya jambo nje ya utaratibu. Hili lilihitaji azimio la kamati." Kisha akawageukia watu akitabasamu. "Siku hizi darasa la saba linatufundisha haki."

Wengine walicheka. Nakwambia hivi ili ujue kwamba walicheka, tena watu wema, watu walionisaidia kumzika mama yangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini nilijifunza kwamba hata mwenye njaa akipata safu ya migomba humsahau mwenye kiu.

Mzee Komora hakucheka. Alisimama taratibu, akachukua kofia yake. "Shemeji, azimio nitalibeba mimi. Panga langu liko nyumbani, napita kulichukua. Anayetaka kuja, aje. Anayetaka kubaki kuimba, aimbe." Akatoka. Wakamfuata watu tisa, tena wengi wao wanawake. Wengine wote walibaki, na tulipokuwa tukikata mahindi yale tuliwasikia wakiimba wimbo wa kufunga ibada, beti zote. Mwalimu alikuja akasimama ukingoni na mikono nyuma. Hakutuzuia, wala hakutusaidia, na alikaa miaka miwili bila kunisalimia.

Jioni malka ilikuwa wazi mpaka majini. Siku ile hakuna ng'ombe aliyepita. Wala kesho yake. Mama Hawo alikuwa amekwishaondoka. Njia ilikaa pale, pana na safi, haina mpitaji, na kila nilipokwenda kuteka maji niliiona ikinitazama. Tulimaliza kiangazi kile kwa uji wa chumvi. Tabitha alidhoofika mpaka nikawa naamka kumsikiliza kama anapumua.

Mvua za masika zilipoanza, Mama Hawo alirudi. Alikuja na kibuyu kitupu na fimbo. Ng'ombe tisa walikuwa wamebaki watatu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba msamaha, badala yake nikampeleka kwenye malka.

Yeye akatazama njia, akaona vigogo vya migomba vilivyooza kando. "Ulikata?"

"Nilikata, mama. Nilichelewa."

"Sasa wewe na watoto mnakula nini?"

Nilikaa chini pale pale nikalia. Mwanamke aliyepoteza ng'ombe sita kwa ajili ya ajenda yangu, jambo la kwanza aliloniuliza lilikuwa tunakula nini. Hakuwa na kamati, wala karatasi ya vipaumbele kwa wenzetu wa ng'ambo.

Mwanangu, umesikia mapigano yaliyotokea huku kwetu baadaye kati ya mkulima na mfugaji. Mimi sitayasimulia hapa. Nasema tu kwamba watu waliuliza moto ule ulitoka wapi, nami nilijua mahali pamoja ulipowekewa kuni: kwenye mstari wa mwisho wa daftari langu. Hasira niliyonayo haijazimika, nami siitaki izimike. Nawakasirikia wale waliocheka, na nimejikasirikia zaidi mimi, kwa kile kiti nilichokihamisha ili nisimwone.

Kwa hiyo nakuusia. Ukiitwa kwenye kamati ya haki, ya kanisa, ya msikiti au ya kijiji, usiwaandikie barua walio mbali kabla hujatoka nje kuona aliyekaa mlangoni. Mkaribishe ndani, mpe maji, umsikilize kwanza, mengine yafuate. Kila ukiiona haki ya mtu inasogea chini ya karatasi, uliza ni shamba la nani linalofaidika, na anza kwa kuchunguza lako. Na ukikuta umekosa, kata migomba yako kabla hujaomba azimio juu ya mahindi ya mwenzako. Watakucheka. Wewe kata.

Mungu akupe macho yasiyohamisha kiti. Akupe shamba lenye rutuba na jirani asiyelala na kiu. Njia yako ya kwenda majini isizibwe, nawe usiwe wa kuziba ya mtu. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, Mola akuletee mtu kama Mama Hawo, akuulize umekula nini. Amina.