Bi harusi wa zambarau

Ndugu na marafiki, kwa masikitiko natangaza kwamba leo asubuhi, hapa Litein, rangi ya kahawia imetuacha.

Nilikuwa nachapa bango la koito, wakwe wanakuja kuposa. Uso wa bi harusi ulitoka vizuri hadi puani. Kuanzia mdomo kwenda chini, zambarau.

Mamake akaliangalia. "Wewe kijana, huyu ni Chebet wangu ama ni biringanya? Wakwe wanaingia saa nane!"

Nikasafisha mashine. Nikatikisa wino. Nikachapa upya.

Sasa uso wote zambarau.

Hapo hasira zikanipanda. Nikampigia anayeniuzia wino, nikamwita mwizi, spika ikiwa juu, mama akiitikia "Mwambie!" kama tuko kanisani.

Jamaa akangoja nimalize. "Boss, hita ya kukausha wino kwa mashine inawaka? Baridi ya huko kwenu, wino haukauki, rangi inaharibika."

"Inawaka!" Nikashika hita nimwonyeshe mama.

Baridi kama ukuta.

Hita ilipopata moto, bango la tatu limetoka safi, mama amekimbia nalo. Muuza wino bado ananiudhi, na sitaki maoni yenu, lakini najua mtaandika.

Hita niliichomoa mimi mwenyewe saa nne, nichomeke birika nichemshe chai.