Mlinzi wa Kivuko Asiyekufa

Mdogo wangu alikuwa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa sababu ya figo, na Jumapili mchana tulicheza. Mchezo nilijifunza peke yangu, kutoka kwenye kitabu cha Kiingereza nilichosoma kwa miezi saba, kamusi pembeni. Kila mchezaji anabuni mtu na kumsemea. Msimulizi anaeleza yanayomkuta mtu huyo, na dadu inaamua. Msimulizi nilikuwa mimi. Wachezaji walikuwa yeye na binti yake, aliyekuwa akisoma chuo cha ualimu.

Kila mtu wa kubuni ana pointi za uhai, nami niliziandika kwa penseli ili niweze kuzifuta. Mtu wa mdogo wangu, mlinzi wa kivuko, alikuwa nazo ishirini. Siku alipobakiwa na moja, mdogo wangu aliuliza kama bado anaweza kupigana. Nikasoma: anaweza, kwa nguvu zilezile. Akacheka mpaka akakohoa.

"Aliyeandika hiki hajawahi kuumwa," alisema.

Ilikuwa kweli. Yeye mwenyewe, ili apande ngazi za nyumba yangu pale Igogo, alipumzika mara mbili. Nikaandika upya sura nzima ya majeraha: chini ya nusu, unatembea polepole, chini ya robo, unahitaji mtu wa kukushika. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Sura ya kifo niliikwepa. Ukifika sifuri unalala chini, na kila zamu unarusha dadu. Moja au mbili ni alama mbaya. Alama mbaya tatu, umekufa. Ndani ya wiki sita mlinzi alianguka mara nne, na mara zote nne nilimtafutia wa kumwokoa: mganga mpita njia, dawa iliyosahaulika kwenye mkoba.

Daktari alishaniambia pembeni kwamba hali inashuka. Mdogo wangu alipoanza habari ya kibanja chake, shamba la migomba la ukoo kule Bukoba, nilimjibu apone kwanza, tutaongea baadaye. Hakuwa na mtoto wa kiume. Kwetu Wahaya, matanga yanapokwisha ukoo hukaa na kumtaja mrithi mbele ya watu, na wazee walishaanza kumtaja mwanangu wa kiume. Mimi ndiye kaka mkubwa. Neno langu lingesikilizwa, na sikulisema.

Jumapili moja mlinzi akaanguka mara ya tano. Alama mbaya zikafika mbili. Nikaanza kusimulia mtumbwi unaokaribia, ndani yake mganga.

"Kaka, acha," mdogo wangu akasema. "Mwache afe huyu. Nataka nisikie mtasemaje."

Akarusha mwenyewe. Ikaja moja.

Nikafungua kitabu nitafute kinachofuata. Kilisema tu kwamba mchezaji abuni mtu mwingine. Yeye akasema hapana, tukae matanga kwanza. Akashuka kwenye kiti, akakaa mkekani, binti akamfuata, nami nikashuka. Akauliza, kama mzee wa ukoo, marehemu ameacha nini. Binti akajibu kwamba ameacha shamba la migomba na mtoto mmoja wa kike.

"Na shambani anakaa nani?"

Alikuwa ananitazama mimi. Nikasema anakaa mtoto wake. Akasema hajasikia. Nikarudia, sasa kwa kumtaja binti yake kwa jina, na kibanja nacho kwa jina la kijiji kilipo.

"Basi andika," akasema. "Ila si kwenye karatasi za mchezo."

Nikachukua karatasi safi, nikaandika kwamba mimi, kaka mkubwa, nimekubali, na kwamba mwanangu hana dai. Nikaweka sahihi. Binti akaisoma yote, taratibu, kisha akanirudishia.

"Baba mkubwa," akasema, "umeandika kwa penseli."

Nikaandika tena kwa wino. Baada ya hapo tukamwinua baba yake kutoka mkekani. Ilibidi tumshike wote wawili.